BASTOLA YA KWANZA NA MKONO UTAKAOISHIKA

Mtu atokaye Bagamoyo kwenda Kaole, mwendo wa kama kilomita tano kufuata pwani upande wa kusini, hukuta magofu ya misikiti miwili na makaburi ya kale, na mbele yake mikoko na bahari. Wageni huonyeshwa mawe yaliyopangwa tangu karne ya kumi na tatu, nao hurudi wameridhika. Sisi tulipofika huko tulikuwa na habari nyingine moyoni, nayo ni habari ya silaha. Maana ni hapa Kaole, mwezi wa Juni mwaka 1857, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walipotua kutoka Unguja ili kwenda kuyatafuta maziwa ya bara, wakilindwa na askari 13 wa Kibaluchi waliotolewa na Sultani.

Huyo Speke alikuwa askari wa jeshi la India na mwindaji hodari. Bunduki aliizoea kama mvuvi alivyozoea kasia. Alikwenda bara mara mbili, akapona homa na njaa na vita vya njiani, akarudi kwao mzima. Kisha tarehe 15 Septemba 1864, naye ana umri wa miaka 37, alipokuwa akiwinda kwale karibu na nyumbani kwa jamaa zake, alipanda kiukuta cha mawe hali ameshika bunduki yenye risasi ndani. Bunduki ikalia, marisau yakamwingia ubavuni, naye akafa muda mfupi baadaye. Bunduki ile haikuwa na kizuizi cha usalama. Baraza la uchunguzi likaamua kwamba ni ajali.

Tunaileta habari hiyo kwa sababu kijana mmoja mzaliwa wa Kaole, fundi mitambo katika kiwanda, alitujia na swali ambalo hatujapata kuulizwa katika ukurasa huu. Kijana huyu amepita Jeshi la Kujenga Taifa, na bunduki aliifahamu huko. Alipokwenda Kenya kwa shughuli za kazi, wenzake walimpeleka Kirigiti, katika Kiambu, mahali penye uwanja wa kulenga shabaha, akaona watu wakishindana kwa bastola huku wakikimbia kutoka kizuizi hata kizuizi. Tangu siku hiyo, asema, hana mchezo mwingine anaoutamani. Amekwisha weka akiba. Swali lake ni moja tu: anunue bastola gani ya kuanzia?

Kwanza yafaa wasomaji waujue mchezo wenyewe, maana wengi wanaposikia shabaha hufikiri mtu aliyesimama wima, mkono mmoja umenyoshwa, akilenga duara kwa dakika nzima. Huu sivyo. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu liliundwa mwezi wa Mei mwaka 1976 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper, aliyepata kuwa ofisa wa jeshi la wanamaji wa nchi kavu. Mshindani hupewa uwanja uliopangwa kuta za mbao, milango, madirisha na shabaha za karatasi na za chuma. Saa hulia, naye huchomoa bastola alani, hupiga, husonga mbele, hubadili magazini, hupiga tena. Uwanja mfupi hauzidi risasi 12, wa kati 24, na mrefu 32.

Hesabu yake ndiyo inayotupendeza. Katika kila shabaha ya karatasi, kupiga katikati ni alama 5, na kandokando ni pungufu. Jumla ya alama hugawanywa kwa sekunde alizotumia mtu. Tuseme wawili wamepiga risasi 12 kila mmoja. Wa kwanza amezipiga zote katikati, akapata 60, lakini ametumia sekunde 15: matokeo yake ni 4. Wa pili amepiga 8 katikati na 4 pembeni, akapata 52, naye ametumia sekunde 10: matokeo yake ni 5.2, amemshinda mwenzake. Lakini aje wa tatu mwenye papara, amalize kwa sekunde 9, kumi zimepiga katikati na mbili zimekosa kabisa. Kila iliyokosa humtoa alama 10. Hamsini yake imekuwa 30, na matokeo yake hayafiki hata 3 na nusu. Basi haraka ina thamani yake na uangalifu una thamani yake, wala hakuna awezaye kuuza kimoja ili anunue kingine bila ya kupata hasara.

Sasa tuje kwenye bastola. Shirikisho limezigawa katika madaraja, ili mwenye mali asimshinde maskini kwa fedha zake tu. Liko daraja la wazi, ambamo mtu huruhusiwa kuweka kioo cha kulengea chenye nukta ya mwanga, na kifaa cha mbele ya mtutu cha kupunguza mruko wa bastola, na magazini ndefu. Bastola ya namna hiyo hutengenezwa na fundi maalumu, na bei yake tukiitaja hapa wasomaji watadhani tumekosea kupiga chapa. Liko daraja la rivolva, liko la bastola za mtindo wa zamani wa Kimarekani, na mengine. Na liko daraja la bastola za kawaida, zile zitokazo kiwandani kama zilivyo, zenye nishani za chuma tu, na risasi zisizozidi 15 katika magazini wakati wa kuanza.

Sisi twamwambia kijana wetu aanzie hapo, wala asitazame pengine mpaka amekwisha shindana mwaka mzima. Katika daraja hilo washindani wote huhesabiwa alama kwa kipimo cha risasi nyepesi, hata kama mmoja amekuja na risasi zenye nguvu za kuangusha nyati. Kipimo chenyewe ni uzito wa risasi mara mwendo wake, kisha hugawanywa kwa elfu moja, na cha chini kabisa ni 125. Risasi ya kawaida ya milimita 9, yenye uzito wa greni 124, ikienda futi 1,050 kwa sekunde hufikisha 130, nayo yatosha. Risasi hiyo ya milimita 9 ilitolewa na Wajerumani mwaka 1902, wakati walipokuwa wakitutawala, na mpaka leo ndiyo ipatikanayo kwa urahisi duniani kuliko nyingine zote za bastola. Haina teke kubwa. Mwenye kuanza na risasi kubwa hujifunza jambo moja upesi sana: kufumba macho kabla ya mlio. Kulisahau jambo hilo humchukua miaka.

Baada ya risasi ni mkono. Hapa ndipo watu wengi wanapodanganywa na picha za matangazo. Bastola huchaguliwa kama jembe: mpini ukiwa mnene mno, hata chuma chake kiwe kizuri namna gani, mkulima atatoka malengelenge. Mtu aishike bastola isiyo na risasi, ambayo muuzaji na yeye mwenyewe wamekwisha ikagua, mtutu wake ukielekea mahali salama. Mtutu ukae sawasawa na mfupa wa mkono mpaka kiwiko. Kisha atazame kidole chake cha shahada: je, nyama ya ncha ya kidole yafika kwenye kifyatulio bila ya kuipinda ngumi? Ikiwa haifiki, bastola hiyo si yake, hata kama bingwa wa dunia huitumia.

Zipo mbili ambazo wanaoanza huzitaja sana, nasi tutazilinganisha kidogo. Glock 17, iliyochukuliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, ina mwili wa plastiki ngumu na uzito wa gramu 600 na kidogo ikiwa tupu. Kifyatulio chake huvutwa kwa nguvu ile ile kila mara, tangu risasi ya kwanza mpaka ya mwisho. Ni bastola ya askari: ni rahisi kufungua, rahisi kusafisha, na haina vitu vingi vya kukumbuka. Ya pili ni CZ Shadow 2, mjukuu wa CZ 75 iliyotokea Chekoslovakia. Hiyo ni ya chuma, uzito wake gramu 1,300 hivi, na kwa uzito huo hutulia mkononi kama punda mzee. Mabingwa wengi huipenda. Lakini risasi yake ya kwanza, kinyundo kikiwa chini, huvutwa kwa nguvu na kwa mwendo mrefu, na zinazofuata ni laini sana. Anayeanza hana budi kujifunza kuvuta kwa namna mbili ndani ya nusu dakika. Anayeweza na aijaribu. Kama tungalazimishwa kumchagulia mtu tusiyeujua mkono wake, tungetaja ya kwanza, na akiba iliyobaki tungemwambia anunulie risasi.

Tunasema risasi kwa sababu ndizo zitakazomfilisi, si bastola. Bastola hununuliwa mara moja. Shindano moja dogo laweza kumaliza risasi mia moja na zaidi kwa siku moja, na mazoezi huzidi hapo. Tena kuna ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, mkanda usiolegea, magazini nne au tano, miwani ya kukinga macho na vikinga masikio. Mwenye kutumia fedha zote katika bastola ya fahari huonekana uwanjani mara mbili kwa mwaka, amevaa vizuri, na hushindwa na mwenye bastola ya kawaida aliyefanya mazoezi kila wiki. Sehemu kubwa ya mazoezi hayo haihitaji hata risasi moja. Kuchomoa, kulenga, kuvuta kifyatulio bila nishani kutikisika, kubadili magazini: yote hayo hufanywa kwa bastola tupu, risasi zikiwa zimefungiwa chumba kingine.

Kijana alituuliza kama haifai basi kununua mara moja na kujifunza polepole. Tukamkumbusha Speke. Mchezo huu hausameheani. Anayeangusha bastola hutolewa shindanoni siku hiyo hiyo, na anayefyatua pasipo kukusudia hutolewa. Vivyo hivyo anayegeuza mtutu kupita pembe ya nyuzi 90 kutoka mwelekeo wa shabaha, na anayekimbia au kubadili magazini huku kidole kiko ndani ya kikingo cha kifyatulio. Hakuna anayeruhusiwa kuigusa bastola yake mpaka msimamizi wa uwanja aamuru, isipokuwa katika mahali pa usalama palipowekwa kwa kazi hiyo, na hapo risasi haziguswi kabisa. Desturi hizo hazinunuliwi dukani. Afadhali mtu ajifunze kwanza kwa silaha ya kuazima, chini ya mwalimu, mikono yake ikikoseakosea mbele ya jicho la mwingine.

Tena iko sheria. Kwetu Tanzania ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ombi la leseni huanzia kwa viongozi wa mahali na kamati za usalama kabla ya kufika Polisi. Twasikia watu wakinung'unika kwamba njia ni ndefu. Sisi twaona urefu wake ni wa haki. Nchi hii ilijenga mgambo baada ya Mwongozo wa mwaka 1971, na mgambo wakaenda vitani Kagera mwaka 1978. Wafanyakazi na wakulima walishika silaha kwa maelfu. Lakini silaha zile zilikuwa za umma, zikarudi ghalani zikiwa na hesabu.

Kijana akatujibu kwa neno moja: Westgate. Ni kweli, siku ile ya tarehe 21 Septemba 2013 mjini Nairobi, raia wachache wenye leseni waliingia na bastola zao pamoja na askari polisi wasiovaa sare, wakawatoa watu wengi. Hatupunguzi ushujaa wao hata kidogo. Lakini shabaha ya karatasi hairudishi risasi, na atakayeingia katika mchezo huu akijidhania kwamba amekwisha kuwa askari atakuwa hatari kwa jirani zake kabla ya kuwa hatari kwa adui. Jambo tulilotamani ni jingine: chama cha mchezo chenye ghala lake, silaha chache za wanachama wote, na mwalimu mmoja mkali, ili fundi na mwalimu wa shule washindane na mfanyabiashara kwa mikono yao, si kwa mifuko yao.

Tulikuwa tumekaa chini ya mbuyu karibu na magofu, na kijana ameandika hesabu yake katika daftari: bastola, ala, magazini, risasi za miezi mitatu, nauli. Tukaipitia pamoja naye. Tukamwuliza anaishi wapi. Akasema amepanga chumba kimoja, yeye na mkewe na watoto wawili, mkubwa ana miaka sita. Tukamwuliza basi bastola italala wapi. Aliitazama daftari yake kwa muda. Kasha la chuma la kufungia silaha, lenye kufungwa ukutani kwa bolti, halikuwamo katika hesabu, wala hakujua kama mwenye nyumba angekubali ukuta wake utobolewe. Alikata mstari juu ya neno bastola, akaandika kasha mahali pake, kisha akaanza kujumlisha upya kutoka juu.