Nauli ya Kurudi Uraiani

Mfungwa anayetoka katika gereza la jimbo la California hupewa dola 200 langoni. Kiwango hicho kipo tangu mwaka 1973, na asiye na ndugu wa kumpokea hukatwa humo humo bei ya nguo na tiketi ya basi. Kinachobaki ndicho cha chakula, malazi, simu, na safari za kwenda kwa afisa wa parole (anayemsimamia aliyeachiwa kwa masharti), ofisi ya vitambulisho, darasa la kutafuta ajira na kliniki. Huduma zenyewe mara nyingi ni za bure, lakini kuzifikia kuna gharama: kila miadi ina nauli yake, na asubuhi iliyoishia kwenye foleni ni kibarua kilichopotea. Hoja yangu ni kwamba kumpa motisha aliyetoka gerezani ili azifikie huduma hizo ni sehemu ya huduma yenyewe, na kwamba kufaulu kwa motisha hiyo hutegemea zaidi sharti lililofungwa kwenye malipo kuliko wingi wa fedha.

Watafiti waliofuatilia watu zaidi ya 30,000 walioachiwa kutoka magereza ya jimbo la Washington walieleza mwaka 2007 kwamba katika wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya ile ya wakazi wengine, na muuaji mkubwa alikuwa dawa za kulevya. Kati ya walioachiwa mwaka 2005 katika majimbo 30 ya Marekani, asilimia 44 walikamatwa tena ndani ya mwaka mmoja. Yaani msaada unahitajika zaidi katika siku zile zile ambazo mtu ana uwezo mdogo kabisa wa kuufuata. Jibu lililozoeleka la serikali ni kitisho: usipofika, unarudi ndani. Na kitisho hicho hutekelezwa. Mwaka 2017, takriban mtu mmoja kati ya wanne walioingizwa katika magereza ya majimbo aliingia kwa kukiuka masharti ya uangalizi, kwa mfano kukosa miadi au kukutwa na dawa mwilini, bila kosa jipya. Kumrudisha mtu gerezani kwa sababu hakufika ofisini ni njia ghali mno ya kumfundisha kufika ofisini.

Ushahidi kuhusu fedha una historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mjini Baltimore, wanaume 432 waliotoka gerezani waligawanywa kwa kura. Baadhi yao walipewa dola 60 kwa wiki kwa wiki 13. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 22 ya waliolipwa walikuwa wamekamatwa kwa wizi, dhidi ya asilimia 30 ya wasiolipwa. Serikali ya Marekani ikatiwa moyo, ikapanua jaribio hadi Texas na Georgia mwaka 1976, likiwa na watu wapatao 2,000. Huko idadi ya waliokamatwa haikupungua, na waliolipwa walifanya kazi kidogo kuliko wenzao. Sababu ilikuwa ndani ya kanuni: kwa makundi mengi, kila dola mtu aliyoichuma kazini ilifuta dola ya malipo. Peter Rossi na wenzake, waliochambua matokeo, walieleza kwamba fedha ilipunguza uhalifu kwa upande mmoja, huku kukaa bila kazi kukiuongeza kwa upande mwingine, pande mbili zikafutana. Fedha ile ile inaweza kumsukuma mtu kuelekea kazini au kumweka nyumbani, kutegemea mstari mmoja wa kanuni. Mpangaji anayeanza na swali la shilingi ngapi, kabla ya kuuliza zinalipwa kwa tendo gani, ameanza vibaya.

Mwaka 2020, wakati wa korona, shirika la Marekani la Center for Employment Opportunities liligawa hadi dola 2,750 kwa kila mtu, kwa awamu tatu, kwa watu zaidi ya 10,000 waliotoka magerezani. Awamu zilifungwa kwenye hatua ndogo ambazo mtu anaziweza mwenyewe, kama kuandaa wasifu wa kuombea kazi. Hapa ndipo tofauti ilipo. Kupata ajira kunategemea mwajiri, ambaye anaweza kumkataa mtu kwa rekodi yake tu. Kufika ofisini Jumanne saa tatu kunategemea mtu mwenyewe. Malipo yafungwe kwenye kufika, na yatolewe siku hiyo hiyo.

Wapo watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba jirani maskini ambaye hajawahi kuiba halipwi kwenda popote. Pingamizi hili lina uzito. Lakini jirani huyo ndiye wa kwanza kuvunjiwa mlango anaporudi mtu asiye na pa kushika, na ndiye anayechangia kodi ya kumlisha tena gerezani. Zaidi ya hayo, kanuni yenyewe tumeikubali zamani. Kifungu cha 49(1) cha Sheria ya Magereza ya Tanzania kinampunguzia mfungwa mwenye mwenendo mzuri theluthi moja ya adhabu yake, na Kenya ina punguzo kama hilo. Hakuna anayeliita hongo. Ajabu ni kwamba motisha hiyo hukoma langoni, mahali ambapo mtu ndiyo kwanza anaanza kujaribiwa.

Wala motisha si lazima iwe fedha. Tangu mwaka 2012, Missouri humpunguzia aliye chini ya uangalizi siku 30 kwa kila mwezi anaotimiza masharti. Katika miaka mitatu ya mwanzo watu 36,000 walifupishiwa muda kwa wastani wa miezi 14, na uhalifu wa kurudia haukupanda. Siku hizo hazikuigharimu hazina, na maafisa walibaki na muda wa kuwashughulikia wenye hatari zaidi.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni hili: je, tukimlipa mtu aende kwenye huduma isiyofaa? Hapo tutakuwa tumenunua mahudhurio tu. Mjini Monrovia, Liberia, wanaume 999 walioishi kwa wizi na vurugu walishirikishwa katika jaribio la tiba ya kubadili fikra na mwenendo kwa wiki nane, na ruzuku ya dola 200 iliyotolewa kwa kura. Ruzuku ile haikuwa malipo ya mahudhurio, lakini inatufundisha jambo: tiba peke yake ilififia, fedha peke yake haikudumu, na waliopata vyote viwili bado walikuwa wamepunguza uhalifu kwa takriban nusu miaka kumi baadaye.

Kwa hiyo ombi langu kwa idara za probesheni na bodi za parole za Afrika Mashariki ni dogo na linatekelezeka. Chagueni huduma moja mnayoiamini. Lipeni nauli ya kuifikia, taslimu, siku ya kufika. Punguzeni siku za uangalizi kwa anayehudhuria, na msimnyang'anye chochote anapopata kibarua. Waanze wachache, kwa kura, matokeo yahesabiwe hadharani.