Simu Mkononi, Koltani Chini ya Ardhi

Ndani ya simu nyingi mna tantali, madini yanayotoka katika koltani kama ile ya Rubaya, kule Masisi. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria: kampuni zieleze kama madini yao yanatoka Kongo au nchi jirani. Nia ilikuwa kuwanyima fedha wenye silaha. Lakini Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Wachimbaji wengi walikosa pesa ya chakula.

Wanafunzi wa ng'ambo husoma habari hii vitabuni. Ninyi mnaijua kwa maisha. Viongozi, tunawaomba: kila anayeleta mpango wa madini aulizwe kwanza kama amewasikiliza wachimbaji, wajane na wenye mashamba. Njaa nayo huzaa vita.