Kumngoja Aliye Kongo
Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, wilayani Beni, ilishambuliwa. Waliuawa askari wasiopungua 14. Kwa mke aliyeachwa Mtoni, tangu siku ile simu isiyopatikana si suala la mtandao tu. Moyo humwenda mbio, usingizi humruka, chakula hakimpiti kooni: mwili wenye hofu humwaga adrenalini hata pasipo adui chumbani. Majirani humwambia, “Jikaze, wewe ni mke wa mwanajeshi.” Neno hilo, pamoja na nia yake njema, twaona humziba mdomo. Hali hiyo ikizidi majuma mawili, na aende kituo cha afya. Asingoje mume arudi, kwani hata kurudi kuna ugeni wake. Watoto wadogo huweza kumkimbia baba.