Kwa nini daktari haachi kusoma

DAKTARI aliyehitimu nchini Tanzania mwaka 2000 alifundishwa kuwa tiba ya kwanza ya malaria ni klorokwini. Mwaka uliofuata dawa hiyo iliondolewa kwa sababu ya usugu wa vimelea, nafasi yake ikachukuliwa na SP. Ilipofika mwishoni mwa mwaka 2006, SP nayo iliipisha dawa mseto ya ALu. Katika miaka sita tu, somo la chuoni lilikuwa limepitwa mara mbili.

Hiyo ndiyo sababu ya kuwapo mafunzo endelevu ya madaktari. Hutolewa kwa semina, makongamano, kozi fupi na njia ya intaneti. Yaliyoidhinishwa humpatia daktari pointi, ambazo Baraza la Madaktari Tanganyika huzizingatia anapohuisha leseni yake.

Hata hivyo, ugumu ni mkubwa zaidi kwa daktari aliye peke yake katika kituo cha mbali, kwani akienda semina wagonjwa hubaki bila tabibu. Tena, pointi huthibitisha mahudhurio, si uelewa. Mgonjwa, ambaye hana njia ya kujua iwapo cheti alichoandikiwa kinafuata mwongozo wa leo au wa zamani, ndiye anayebeba gharama ya tofauti hiyo.