Binti wa Mfugaji Aenda Kusoma Sheria Uholanzi



Ng'ombe wa Friesian unamjua. Ni yule mwenye mabaka meusi na meupe, mwenye maziwa mengi. Asili yake ni kaskazini ya Uholanzi, nchi ndogo ya Ulaya. Leo nitakueleza habari za mtoto wa mfugaji aliyekwenda huko huko alikotoka ng'ombe huyo. Hakufuata maziwa. Alifuata sheria.

Siku moja ya kuogesha mifugo, mzee mmoja alinifuata pale joshoni. Alikuwa na mawazo.

"Bwana Shamba," aliniambia, "binti yangu yuko chuo kikuu mwaka wa tatu. Anasoma sheria. Sasa anasema amechaguliwa kwenda Uholanzi nusu mwaka, kusoma sheria za mataifa na sheria za Ulaya. Mimi nina mtamba mmoja, ana mimba. Je, nimwuze?"

Nilinyamaza kidogo. Mtamba mwenye mimba ni maziwa ya mwakani. Ni daftari na sare za watoto waliobaki nyumbani. Mimi nina cheti cha kilimo tu. Mambo ya sheria sikuyajua. Nikamjibu, "Mzee, usiuze kwanza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Binti akija likizo, tumwulize."

Binti alikuja. Alituamkia, tukaketi uani kwao, tukamwuliza maswali mengi. Alipokwenda na kurudi, tulimwuliza tena. Haya ninayokuandikia ndiyo tuliyojifunza.

Kubadilishana wanafunzi ni nini?

Umewahi kuona wakulima wa kijiji kimoja wakienda kutembelea mashamba ya kijiji kingine. Wanaona, wanauliza, wanarudi kwao na maarifa. Vyuo vikuu navyo hufanya hivyo. Vyuo viwili vya nchi mbili hutiliana mkataba. Mwanafunzi wa huku huenda kusoma kule kwa miezi michache au mwaka mmoja. Wa kule naye aweza kuja huku.

Mwanafunzi huyo hahami. Anabaki mwanafunzi wa chuo chake cha nyumbani. Ada yake analipa nyumbani. Chuo cha ugenini hakimtozi ada ya pili. Akifaulu masomo ya kule, yanahesabiwa katika shahada yake ya nyumbani.

Huko Ulaya upo mpango mkubwa wa kazi hii. Unaitwa Erasmus, kwa jina la mwanachuoni Mholanzi aliyefariki mwaka 1536. Mpango ulianza mwaka 1987. Mwaka ule walikwenda wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11 za Ulaya. Tangu mwaka 2015 mpango huo umepanua mlango kwa vyuo vya nchi nyingi za nje ya Ulaya, pamoja na vya Afrika. Anayechaguliwa hupewa fedha za nauli na za kujikimu.

Uliza kabla ya kuuza

Tulimwuliza binti maswali manne. Hata wewe mzazi, mwanao akileta habari kama hii, uyaulize.

La kwanza: Je, mkataba kati ya vyuo viwili upo kweli? Kama haupo, huenda ukatakiwa kulipa ada ya ugenini, nayo ni kubwa.

La pili: Fedha za msaada zinalipa nini, na zinafika lini? Mara nyingi huja kwa mafungu. Mtoto aweza kufika kabla fedha hazijafika.

La tatu: Kibali cha kuishi anaombewa na nani? Kwa Uholanzi, Mtanzania anayekwenda kusoma zaidi ya siku 90 huhitaji kibali cha kukaa. Chuo kinachompokea ndicho kinachomwombea.

La nne: Masomo atakayosoma yatahesabiwa nyumbani? Imeandikwa wapi, na nani ametia sahihi?

Majibu yalikuwa mazuri. Mkataba ulikuwapo, na nauli na matumizi vilikuwa na fedha zake. Kilichobaki ni pasipoti, nguo za baridi na fedha za wiki za kwanza. Mzee aliuza mbuzi wanne. Mtamba alibaki zizini.

Sheria za namna mbili

Binti alikwenda mji wa Groningen, kaskazini ya Uholanzi. Chuo kikuu cha mji huo kilianzishwa mwaka 1614. Kina masomo ya sheria za mataifa na sheria za Ulaya kwa Kiingereza. Nilimwuliza, "Mwanangu, sheria hizo mbili zina tofauti gani?"

Alinieleza hivi. Sheria za mataifa ni sheria kati ya nchi na nchi. Mahakama kubwa ya sheria hizo ni Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Iko katika mji wa The Hague, huko huko Uholanzi. Ina majaji 15. Kila mmoja huchaguliwa kwa miaka 9. Mfano wa kesi zake uko karibu nasi. Kongo iliishtaki Uganda kwa vita iliyopiganwa katika ardhi ya Kongo. Mwaka 2005 mahakama ilisema Uganda ilivunja sheria. Mwaka 2022 iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325.

Lakini wanaoshtakiana pale ni nchi kwa nchi. Mimi na wewe, hata tukidhulumiwa namna gani, hatuwezi kupeleka kesi yetu pale.

Sheria za Ulaya ni jambo jingine. Mwaka 1957 nchi sita zilitia sahihi mkataba wa soko la pamoja. Nchi hizo ni Ubelgiji, Ufaransa, Italia, Luxembourg, Uholanzi na Ujerumani Magharibi. Sasa nchi za Umoja wa Ulaya ni 27. Mahakama yao iko Luxembourg. Huko, mtu wa kawaida alipata njia ya kusikika. Je, aliipataje? Binti alitupa habari mbili.

Habari ya ushuru

Mwaka 1960 kampuni ya uchukuzi ya Uholanzi iliyoitwa Van Gend en Loos iliingiza bidhaa kutoka Ujerumani Magharibi. Ilikuwa dawa ya kiwandani ya kutengenezea gundi. Zamani dawa hiyo ilitozwa ushuru wa asilimia 3. Safari hii forodha ilitoza asilimia 8.

Kampuni ilisema, "Mkataba wa mwaka 1957 unakataza nchi kuongeza ushuru kati yao." Serikali ilijibu kwamba mkataba ule ni wa nchi na nchi, kampuni haina haki ya kuudai.

Wasikilizaji wa kesi kule Uholanzi waliiuliza mahakama ya Luxembourg. Tarehe 5 Februari 1963 jibu lilitoka. Mahakama ilisema mkataba haukuzipa nchi wajibu tu. Uliwapa na watu haki, na watu waweza kuzidai katika mahakama za nchi zao wenyewe.

Fikiri, ndugu msomaji. Nchi ilitia sahihi karatasi, na mtu mdogo akaambiwa: Hata wewe umo katika karatasi hii.

Habari ya mwanafunzi

Ya pili ni ya msichana wa Ufaransa aliyekwenda mji wa Liège, Ubelgiji, kusoma kuchora hadithi za picha. Kwa mwaka wa masomo wa 1982 na 1983 alitakiwa kulipa ada ya ziada ya faranga 24,622 za Ubelgiji. Wanafunzi wa Kibelgiji hawakutozwa ada hiyo. Hakulipa. Akakataliwa kuandikishwa, na kibali chake cha kuishi hakikuongezwa muda.

Alikwenda mahakamani. Kesi yake inajulikana kwa jina la Gravier. Tarehe 13 Februari 1985 mahakama ya Luxembourg iliamua: kumtoza ada ya namna hiyo mwanafunzi wa nchi nyingine ya jumuiya yao, huku mwenyeji hatozwi, ni ubaguzi, na mkataba umeukataza. Miaka miwili baadaye mpango wa Erasmus ukaanza.

Binti alituambia, "Nilipoisoma kesi ile nilikuwa nimekaa chumba cha ugenini, nami nina kibali mkononi. Nilimwelewa sana yule msichana."

Aliyoyaona huko

Masomo ya kule hupimwa kwa pointi. Nusu mwaka ni pointi 30. Pointi moja ni kazi ya saa 28. Zidisha utaona: ni saa 840 za kusikiliza mwalimu, kusoma na kuandika. Alama zao ni kutoka 1 hadi 10. Kupata 10 ni jambo la nadra sana. Mara ya kwanza binti alipata 6, akalia. Wenzake wakamwambia amefaulu.

Mwezi wa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Watu wanakwenda darasani kwa baiskeli, mvua isinyeshe au inyeshe.

Mimi nilimwuliza habari za ng'ombe. Alicheka, akasema hata maziwa aliyasoma darasani. Toka mwaka 1984 mpaka tarehe 31 Machi 2015, sheria ya Ulaya iliweka kipimo cha maziwa. Kila nchi ilikuwa na kiasi chake. Mfugaji aliyezidisha aliweza kutozwa fedha. Hapa kwetu ninawahimiza muongeze maziwa. Kule walizuiwa wasizidishe, kwa sababu maziwa yalikuwa mengi kuliko soko. Niliona basi kwamba sheria inaingia hata ndani ya ndoo ya kukamulia.

Lakini lipo jambo lililomwumiza. Huko ugenini, somo moja aliloandika katika fomu lilikuwa limejaa. Akachukua jingine, akalisoma na kulifaulu. Hakutuma fomu mpya ili chuo cha nyumbani kikubali mabadiliko. Aliporudi, somo hilo halikuhesabiwa. Ikambidi asome somo jingine nyumbani mwaka uliofuata, wakati wenzake wanapumzika. Alifaulu kesi za watu wote darasani, lakini karatasi yake mwenyewe hakuitazama. Kosa hilo analisema mwenyewe, ili wadogo zake wasilirudie.

Na sisi je?

Mzee alimwuliza bintiye, "Mama, sheria hizo za Wazungu zitatufaa nini hapa?"

Alijibu kwamba hata sisi tunao mkataba. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi mwaka 1999, ukaanza kutumika mwaka 2000. Mahakama yake iko Arusha. Ibara ya 30 ya mkataba inasema kwamba mtu yeyote mkazi wa nchi ya Jumuiya aweza kupeleka shauri, akiona sheria au kitendo cha serikali ya nchi ya Jumuiya kinavunja mkataba. Mlango huo ni mpana kuliko ule wa The Hague.

Mfano upo. Mwaka 2011 mwanasheria mmoja wa Kenya alifika uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda. Akazuiwa kuingia, akarudishwa kwao bila kuelezwa sababu. Akaenda mahakama ya Arusha. Mwaka 2013 mahakama ilisema Uganda ilivunja mkataba.

Sharti moja lishike sana. Shauri lifikishwe katika muda wa miezi miwili tangu jambo kutendeka, au tangu ulipolijua. Ukichelewa, shauri lako halitasikilizwa. Kwa hiyo ukizuiwa mpakani na mzigo wako, andika tarehe, mahali na ulichoambiwa. Tunza risiti. Kisha mwone mwanasheria au kituo cha msaada wa sheria upesi. Wewe uliyejua kusoma na kuandika unayo kalamu ya kufanya hivyo.

Binti sasa amemaliza shahada yake. Yule mtamba alizaa ndama jike. Mzee amenunua daftari, anaandika tarehe za kuzaa na za kuogesha. Ukurasa wa mwisho ameuacha kwa risiti za mnadani. Anazibandika kwa gundi.

Zungumzeni darasani

1. Mwanao akichaguliwa kwenda kusoma nchi nyingine, utauliza nini kabla ya kuuza mali?
2. Kwa nini somo moja la binti halikuhesabiwa? Angefanya nini?
3. Nani aweza kupeleka shauri katika mahakama ya Arusha, na katika muda gani?
4. Je, wewe unatunza risiti zako wapi?

Bwana Shamba wenu.