Fukuto la Hofu: Istilahi na Uhakiki wa Filamu ya Kutisha Isiyo na Haraka

Miongoni mwa filamu za kutisha iko aina moja inayowatatiza wafasiri. Katika aina hii hofu hujengwa kidogo kidogo; mtazamaji hushuku kabla ya kuona, na pengine haoni kabisa. Tukiiita "filamu ya polepole" tumetaja mwendo wake tu, tukasahau moto uliomo ndani.

Kabla ya kupendekeza jina, yafaa tutenganishe maneno matatu. Kitisho ni kile kinachotia hofu. Tishio ni dalili ya hatari ambayo bado haijafika. Taharuki, katika uhakiki wa fasihi, ni hali ya kutotulia ya mtu anayengoja kujua litakalotokea. Filamu tunayoizungumzia hutumia tishio na taharuki kwa wingi, na kitisho kwa uchache.

Anayejua tanuri la mkaa, kama yanavyochomwa katika nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, atatuelewa upesi. Magogo hufunikwa kwa nyasi na udongo, moto ukafukuta ndani siku kadhaa, na kinachoonekana nje ni moshi tu. Hewa ikikosekana moto hufa. Ikizidi, miali hulipuka na mkaa huwa majivu. Kutokana na kitenzi fukuta tunayo nomino fukuto. Basi twapendekeza "filamu ya fukuto".

Tuchukue mfano wa Rosemary's Baby (1968), iliyoongozwa na Roman Polanski kutokana na riwaya ya Ira Levin. Mke kijana ahamia na mumewe katika jumba la zamani mjini New York. Majirani wazee wamkirimu mno. Apata mimba, na ukarimu ule waanza kumsonga. Ubora wa kwanza wa filamu hii ni kwamba kitisho chatoka katika mambo ya kawaida: kinywaji, kidani, ushauri wa daktari. Ubora wa pili ni kwamba twajua yale tu anayoyajua Rosemary, hivyo shaka yake ni yetu. Wa tatu, hata mwishoni mtoto mwenyewe haonyeshwi waziwazi.

Udhaifu nao upo. Filamu ni ya zaidi ya saa mbili, na mtazamaji mwepesi wa kuhisi humshuku mume mapema, akabaki kungoja yule mke naye atambue. Hapo hewa yapungua tanurini.

Kwa mfasiri, hatari kubwa imo katika neno mchawi. Mwanzoni neno hili latajwa kama habari ya kale ya jumba lile; haliwahusu majirani mpaka Rosemary apate kitabu kutoka kwa rafiki yake. Mfasiri akiwaita majirani wachawi mapema, mtazamaji wa Kibondo, kama wa kwingineko nchini, atakuwa na jibu kamili kabla ya swali kuulizwa. Taharuki itakuwa imekufa kwa neno moja.

Jambo hili lawahusu pia wanaosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili katika vibanda vya video, sanaa iliyompa sifa Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Usimulizi wao huzinufaisha filamu za mapigano. Unazinufaisha pia filamu ambazo kitisho huonekana wazi, kama vile Shumileta (2005) ya Mussa Banzi. Lakini katika filamu ya fukuto ukimya ni sehemu ya maana, na msimulizi anayejaza kila ukimya huwa amelifumua tanuri.

Kwa watumishi wa umma istilahi hii si pambo. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, ukaguzi wa filamu ni kazi ya kisheria. Mkaguzi anayetafuta damu na mapanga tu aweza kudhani kwamba filamu isiyo na damu haina kitisho, akairuhusu kwa watoto. Ripoti ikisema "kitisho kichache, tishio na taharuki nyingi", msomaji wake ataelewa kwa nini mtoto azuiliwe.

Twawaomba walimu na wafasiri walijaribu neno hili katika kazi zao. Likishindwa kazini, na litafutwe jingine. Lakini lisiwe lile linalotaja mwendo na kuuacha moto.