Waliobeba Mawe na Wanaokaa Darasani

Kwetu Upare msaragambo ni kazi ya zamani kuliko serikali yoyote iliyowahi kututawala. Ndiyo iliyochimba ndiva, yale mabwawa yanayokinga maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani, na ndiyo inayozibua mifereji hadi leo. Mbiu ikishapigwa, kila kaya hutoa mtu na jembe lake. Asiyefika bila sababu hutozwa faini, na faini hiyo huuma zaidi kwa kuwa hutajwa mbele za watu.

Basi Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulipoanza mwaka 2004 na serikali ikataka kila kata iwe na sekondari yake, vijiji vyetu vya milimani havikuhitaji kuhimizwa mara mbili. Lori halikuweza kupanda. Mchanga ulichotwa bondeni na kupandishwa kwa ndoo kichwani, akina mama wakifuatana kwenye njia ya mguu. Wanaume walivunja mawe na kuyabeba begani. Wazee ambao magoti yalishawaishia walikaa kivulini wakihesabu nani kaja na nani hajaja. Wananchi walitakiwa kuinua ukuta mpaka kwenye lenta, kisha serikali ipaue. Karibu nchi nzima ilikuwa kwenye kazi hiyo: mwaka 2004 shule za sekondari, za serikali na za binafsi pamoja, hazikufika 1,300, na kufikia mwaka 2010 zilikuwa zimezidi 4,000.

Nimeanzia huko kwa sababu mzazi wa kwetu huizungumzia shule ya kata kama mtu anavyoizungumzia nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Nimehudhuria mikutano ya wazazi kama mlezi wa mpwa wangu. Tunajibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao kwa chini. Mkuu wa shule anaandika matokeo ubaoni: daraja la kwanza, la pili, la tatu, la nne, sifuri. Macho yote yanakwenda kwenye ile safu ya mwisho. Kisha anainuka mzee mmoja, anavua kofia, anaanza: "Mwalimu, shikamooni ninyi wakubwa, na ninyi wadogo marahaba. Msingi wa jengo hili nimeuchimba mimi. Jiwe la kona ile nililibeba na marehemu kaka yangu." Mgeni atadhani mzee ametoka nje ya mada. Sivyo. Anaonyesha kwanza kibali chake cha kusema, na baada ya hapo atasema kila kitu.

Na wana mengi ya kusema. Hawajasahau walimu wa leseni wa miaka ile ya mwanzo, vijana waliotoka kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa darasani. Watu wakawabandika jina la voda fasta. Hawajasahau matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walipata sifuri kabla matokeo hayajafutwa na kupangwa upya mwaka 2013. Mwaka huo neno lenyewe, "shule ya kata," liligeuka kuwa tusi mitaani. Halafu ikaja amri ya maabara tatu kwa kila shule, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, na mbiu ikapigwa tena. Watu walienda. Kipo chumba nilichowahi kukiona kimeandikwa "Maabara" mlangoni kwa rangi nzuri, na ndani yake zimepangwa meza na masinki yasiyo na maji.

Lakini ugomvi mkubwa kuliko yote niliowahi kuusikia ulihusu makande.

Makande ni chakula chetu. Mahindi yaliyokobolewa, maharage, kitunguu, basi. Mwenye nazi au karanga aongeze. Kabla ya elimu bila malipo kuanza Januari 2016, ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na juu yake kila mzazi alipeleka mahindi na maharage, mwanafunzi akabeba kuni. Saa za mchana sufuria ilifunuliwa, moshi ukijaa chini ya bati, na watoto wakapanga mstari na sahani zao za plastiki. Ada ilipofutwa na michango ya lazima kukatazwa, wazazi wengine walishusha pumzi, na walikuwa na haki. Nawajua akina mama waliokuwa wakiuza kuku wa mwisho ili mtoto asirudishwe nyumbani. Ila mahindi nayo yakaacha kuja. Jiko likapoa. Mtoto aliyeamka saa kumi alfajiri, akashuka bonde na kupanda mlima wa pili, akawa anakaa mpaka saa tisa alasiri na maji ya bomba tumboni.

Mkutanoni wazazi wakagawanyika. Baba mmoja alisema serikali imetangaza bure, na bure ni bure. Anayetaka mahindi yake amfuate aliyetangaza. Mama mmoja aliyekaa nyuma, kanga imefungwa kiunoni kama aliyetoka shambani moja kwa moja, akamjibu bila kuinua sauti: "Baba, mfereji wako nani anakuzibulia? Serikali?" Palinyamaza. Siku ile tulikubaliana kwa hiari kila kaya ilete mahindi kadiri ya uwezo, na wasio nacho walete kuni au waje kupika kwa zamu. Kwangu mimi mama yule alisema kweli yote ya msaragambo: hakuna aliyewahi kudhani maji ya mfereji ni ya bure, hata kama hayana bei.

Sasa wanafunzi wenyewe. Hao hutawasikia mkutanoni. Desturi yetu ni kwamba wakubwa wakizungumza mtoto hutoka nje, na siku ya mkutano kazi yao ni kufagia uwanja na kuwachotea wageni maji. Ukitaka maoni yao tembea nao njiani jioni. Nimetembea nao, na sikumsikia hata mmoja akitaja jiwe. Wengi walizaliwa ukuta umeshasimama. Wao shule wanaipima kwa jambo moja: nani anaingia darasani. Wanajua mwalimu yupi hakosi kipindi, yupi huandika ubaoni akaondoka, na somo lipi halina mwalimu kabisa, linafundishwa na kaka aliyemaliza kidato cha sita ambaye anajitolea huku akisubiri chuo.

Na wanazungumzia lugha. Mpwa wangu alipokuwa kidato cha kwanza, aliulizwa kwa Kiingereza jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Alisimama, akatazama chini, akaambiwa abaki amesimama. Jioni tulipofika nyumbani alinipeleka nyuma ya jiko, akashika jani la mgomba na kulielekeza kwenye jua lililobaki, akanieleza usanisinuru wote: mwanga, maji kutoka kwenye mizizi, hewa ya kaboni, sukari. Hakuruka kitu. Alijifunza darasa la sita, kwa Kiswahili. "Mjomba," aliniambia, "najua, ila sijui kusema kuwa najua." Miaka saba anasoma kwa lugha moja, kisha Januari moja anavushwa kwenye lugha nyingine na kuhesabiwa mjinga. Hili linaniumiza kuliko masinki makavu, kwa sababu halitengenezwi kwa mbiu na jembe.

Nimewahi kupendekeza kwamba dada mkuu na kaka mkuu waruhusiwe kuanza kuzungumza kwenye mkutano, kabla ya matokeo kuandikwa ubaoni. Mzee wa jiwe la kona alinitazama kwa muda, akasema mtoto anayesema mbele ya wazee atasema nini ambacho wazee hawakijui. Namheshimu sana mzee huyu, na nilimwambia hivyo hivyo mbele ya watu kwamba kipo ambacho hatukijui: sisi tunaona ukuta kwa nje, wao wako ndani kwa saa nane kila siku. Alikaa chini. Hakukubali, wala hakukataa.

Siku ya mkutano wa mwisho nilitoka nikawakuta wamekaa kwenye ngazi, mifagio miguuni. Mpwa wangu akasimama.

"Mjomba, wamesemaje?"

Nikamweleza: makande yanaendelea, uzio wa hosteli ya wasichana utaanza baada ya mavuno, wanaochelewa wataitiwa wazazi.

Alisubiri nimalize. "Na mwalimu wa fizikia?"

Wenzake watatu walikuwa wananitazama pia. Saa mbili na nusu tulizokaa ndani, hakuna aliyekuwa amemtaja.